Kutoka Mbiu hadi Simu ya Mkononi: Habari za Maradhi katika Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea mbele ya bandari ya Liuli, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ilifyatua mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alipanda mtumbwi na kwenda kumwuliza mwenzake Rhoades, ambaye walikuwa wakinywa naye pamoja siku za amani, kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani tangu tarehe 4 ya mwezi huo. Alichukuliwa mateka akiwa bado anastaajabu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha vita. Kwa mwanafunzi wa historia ya mawasiliano, hata hivyo, kina funzo zito. Katika mwambao huu wa Ruvuma jambo lilifika kabla ya habari yake. Miaka minne baadaye ndivyo ilivyokuwa kwa maradhi: homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliingia katika nchi za kuzunguka ziwa kabla watu hawajapata jina la kuliita. Miaka 102 baada ya hapo mambo yaligeuka. Mwaka 2020 habari za korona, kwa picha, kwa sauti na kwa maandishi, zilifika katika vilima vya Umatengo kabla ya ugonjwa wenyewe. Watu wa Maguu, kama watu wa kata nyingine za Mbinga, walikuwa na ushauri wa tiba kabla ya kuwa na mgonjwa.

Mhadhara huu unachunguza safari ya habari za maradhi ya mlipuko kati ya nyakati hizo mbili, kwa kuangalia Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa kama sehemu ya historia pana ya Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba chombo cha habari hubadili kasi, lakini hakiamui nini kitaaminiwa. Kinachoamua ni mambo matatu: jina lililopewa ugonjwa, uhusiano wa msikilizaji na mjumbe, na nafasi ya kuuliza swali na kujibiwa. Palipokosekana mojawapo ya hayo, uvumi ulishika mahali pake, iwe katika zama za misafara au katika zama za mitandao ya kijamii.

2.0 Msamiati wa Habari Isiyothibitishwa

Kabla ya kuingia katika matukio, yafaa kuangalia lugha yenyewe. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno yanayotaja habari ambayo bado haijathibitishwa, na maneno hayo hayana maana moja. Fununu ni dokezo, habari iliyopatikana kwa uchache. Tetesi linahusiana na kitenzi teta, yaani kusemezana kwa siri, hivyo ni habari iliyo katika vinywa vya watu wachache. Uvumi linatokana na vuma, kitenzi kinachotumika kwa upepo, ngoma na nyuki: ni sauti inayosikika pande zote bila kuonekana chanzo chake. Uzushi, kwa upande mwingine, hutokana na zua, na lina mtendaji. Hapana uzushi pasipo mzushi.

Tofauti hii ina uzito wa kijamii. Anayesema "nimesikia tetesi" anakiri kwamba hana uhakika, na mara nyingi anaomba kusahihishwa. Anayeambiwa kwamba amesema uzushi amekwisha kushitakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilishughulikia taarifa za uongo kwa mtazamo wa uzushi, yaani mtazamo wa kosa na mkosaji. Mtu wa kijijini anayesambaza ujumbe kuhusu ugonjwa kwa kawaida yumo katika mtazamo wa tetesi: anauliza kwa njia ya kueleza. Mamlaka inapoita tetesi uzushi, swali hugeuka kuwa kosa, na muulizaji hunyamaza bila kuwa amejibiwa.

Methali nazo zinashuhudia mvutano huo. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo" ni methali ya habari rasmi: kuna mpigaji anayejulikana, kuna pembe na kuna wito wa kukusanyika. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja" ni methali ya uvumi: haihitaji mpigaji. Methali hizi mbili hazipingani mradi mbiu inalia kwa wakati. Mbiu inaponyamaza, ya pili hubaki peke yake.

3.0 Njia za Misafara na Majina ya Maradhi

Katika karne ya 19 mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa uliunganishwa na Kilwa kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Wafanyabiashara walivuka ziwa kwa majahazi hadi Nkhotakota, ambako utawala wa Jumbe ulijengwa juu ya biashara hiyo. Kiswahili kilifika ziwani kwa njia hii, na maradhi yalipita humo humo. Richard Burton alipofika Kilwa mwanzoni mwa mwaka 1859 aliukuta mji katika kipindupindu kikali.

Mtu aliyeeleza vizuri zaidi uhusiano kati ya njia za biashara na njia za maradhi ni James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja na kuchapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Hakuweza kwenda mwenyewe bara kufuata nyayo za ugonjwa. Alitegemea maelezo ya watu waliosafiri, akayapanga kwa mahali na wakati, na kwa njia hiyo akaonyesha kwamba kipindupindu kilisafiri kwa mwendo wa misafara na vyombo vya bahari. Kwa maneno mengine, habari zilizopita kinywa kwa kinywa, ambazo zingeweza kudharauliwa kama porojo za wapagazi, ziligeuka kuwa elimu pale zilipopata msikilizaji aliyeuliza: uliona wapi, siku gani, walikufa wangapi?

Majina ya maradhi ya zama hizo yanaonyesha jinsi jamii ilivyoelewa ilichokiona. Kipindupindu linahusishwa na vitenzi pinda na pindua, likitaja kukunjamana kwa mwili wa mgonjwa. Homa iliyopiga Unguja mwaka 1823 na tena mwaka 1870 iliitwa kidingapopo, au kidinga pepo, jina lililobeba dhana ya pepo anayemshika mtu ghafla. Wataalamu wengi wa etimolojia wanaona kwamba neno dengue, ambalo leo hutumika duniani kote, lina asili katika jina hilo. Jina la wenyeji hueleza dalili au hisia, na kwa hiyo hueleweka bila mkalimani.

Umatengo wenyewe ulikuwa na utaratibu wake wa kupokea habari. Watu waliishi kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima uliopakana na vijito na kukaliwa na watu wa ukoo mmoja, wakilima kwa mashimo ya ngoro ambayo yamewapatia sifa hadi leo. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao katika sengu, na hapo habari za siku zilizungumzwa, mashauri yakakatwa na vijana wakafundishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipofanya kazi Mbinga kuanzia miaka ya 1990, waliona kwamba sengu ilikuwa zaidi ya mlo. Ilikuwa mahali pa kupima maneno. Mgeni aliyeleta habari aliulizwa mbele ya watu, na mzee alikuwa na wajibu wa kusema kama habari hiyo itafuatwa au itaachwa. Haifai kuupamba utaratibu huu kupita kiasi, kwani wanawake hawakuwa na kiti cha mbele humo, ilhali wao ndio waliouguza wagonjwa. Hata hivyo ulikuwa na kitu ambacho kila chombo kilichofuata kililazimika kukitafuta upya, nacho ni jibu la papo kwa papo.

Kwamba kuwako kwa mjumbe anayeaminiwa hakutoshi kuhakikisha ukweli kunaonekana katika Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 habari ya dawa ya maji ilitoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, ikaenea Umatumbi kwa mnong'ono wa mtu na jamaa yake, kisha ikaletwa Ungoni, jirani ya Umatengo, na mjumbe Omari Kinjala. Ilipokewa kwa sababu ilikuja kwa njia za ujamaa na kwa lugha ya tiba iliyojulikana, na kwa sababu dhuluma iliyoizaa ilikuwa ya kweli. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wenzake wengi walinyongwa Songea, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Uaminifu ni njia tu, na kinachopita juu yake chaweza kuwa tiba au maangamizi.

4.0 Mwaka 1918: Ugonjwa Uliotangulia Habari Yake

Vita vya kwanza vya dunia viliuacha ukanda wa kusini ukiwa dhaifu. Majeshi yote mawili yalichukua chakula na wapagazi. Mwishoni mwa Septemba 1918 kikosi cha Kijerumani cha Lettow-Vorbeck kilivuka tena Mto Ruvuma kutoka eneo la Wareno, kikapita karibu na Songea mwanzoni mwa Oktoba na kuelekea Ubena. Katika mwendo huo homa na kichomi viliwapiga askari, wapagazi na jamaa zao, na kikosi kililazimika kuwaacha wagonjwa njiani, akiwamo Jenerali Wahle. Wakati huo huo mafua yalikuwa yakipanda kutoka bandari za pwani na kutoka kusini, kwa reli, kwa meli za ziwa na kwa miguu ya wapagazi waliorudi kwao. Wanahistoria wanakadiria kwamba makumi ya maelfu ya watu walikufa Tanganyika katika miezi michache.

Jambo la kuzingatia ni ukimya wa lugha kuhusu msiba huo. Ndui ilikuwa na jina na desturi zake: mgonjwa alitengwa, na aliyepona alijulikana kwa makovu. Kipindupindu kilikuwa na jina. Msiba wa mwaka 1918 haukupata jina la pekee lililoshika katika Kiswahili sanifu. Uliitwa mafua au homa, maneno ya ugonjwa mdogo unaopona wenyewe. Wamisionari waliokuwa kiungo cha maandishi walikuwa wamevurugwa na vita, Wajerumani wa misheni za Kigonsera na Litembo wakiwa miongoni mwao. Hapakuwa na gazeti la kufika kijijini, wala ofisa wa kupiga mbiu. Kila ntambo ilizika wafu wake bila kujua kwamba ntambo ya pili, na Bombay, na London, walikuwa wakizika kwa ugonjwa ule ule. Msiba ambao haukupewa jina haukuacha onyo kwa vizazi vilivyofuata, na huenda hiyo ndiyo hasara yake ya mwisho.

5.0 Zama za Redio: Sauti Moja, Vikundi Vingi

Baada ya uhuru dola ilipata chombo kilichoweza kuvuka milima ya Mbinga katika dakika moja. Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwa Kiswahili, nacho Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya shule, ya chama na ya mahakama ya mwanzo. Lakini waliopanga elimu ya watu wazima walitambua mapema kwamba redio peke yake ni mbiu isiyo na baraza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha vipindi vya redio vya wiki 12 na vikundi vya kusikiliza, vitabu vidogo vya kusoma na viongozi wa vikundi waliofunzwa, wapatao 75,000. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Somo lilihusu malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Baada ya kusikiliza, kikundi kilijadili na kuamua kitu cha kufanya: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kusafisha chemchemi.

Nguvu ya kampeni hiyo haikuwa katika ufasaha wa mtangazaji. Ilikuwa katika dakika zilizofuata baada ya redio kuzimwa. Msikilizaji aliyetilia shaka alisema mbele ya wenzake, na wenzake walimjibu kwa mambo ya kijiji chao. Kwa namna fulani kikundi cha redio kilikuwa sengu iliyopanuliwa, na safari hii wanawake walikaa ndani yake.

UKIMWI ulipoingia, mpangilio huo ulikuwa umelegea. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Jina la kwanza halikutoka wizarani. Watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo ya mtindo iliyokuja na biashara ya magendo mpakani, na kwa hiyo waliuhusisha na fedha mpya na uzuri wa haraka. Kifupisho UKIMWI kilipotokea, kilikuwa sahihi kwa upande wa tiba, lakini mtaani kilishindana na ngoma, mdudu na miwaya. Aidha, herufi za jina la Kiingereza zilipewa maana ya mzaha: "Acha Iniue Dogodogo Siachi." Mzaha huo, ulioenea bila simu wala intaneti, ulikuwa jibu la watu kwa ujumbe wa vitisho usiowapa nafasi ya kuuliza.

Jibu lenye mafanikio zaidi lilikuja kwa njia ya hadithi. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulianza Julai 1993, ukimfuata dereva wa malori, Mkwaju, na mkewe Tunu. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, na hivyo watafiti wakapata mahali pa kulinganisha. Walikuta kwamba katika maeneo uliposikika watu walibadili mwenendo wao zaidi, na kwamba mazungumzo kati ya wenzi na marafiki kuhusu mchezo huo yalikuwa na sehemu kubwa katika mabadiliko hayo. Hapa tena sauti ya mbali ilifanya kazi ilipozaa mazungumzo ya karibu.

6.0 Zama za Simu: Habari Iliyotangulia Ugonjwa

Dalili ya kwanza ya zama mpya ilionekana mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Habari ilienea kwa magazeti, lakini zaidi kwa simu ya jamaa aliyekwenda au aliyedai kujua aliyepona. Foleni za magari zilifika kilometa nyingi, na wagonjwa waliacha dawa za hospitali. Kulikuwa na mfanano wa umbo, ingawa si wa jambo lenyewe, na safari ya habari ya maji mwaka 1905: mjumbe ni ndugu, ushahidi ni mwili wake, na jambo haliulizwi kwa kuwa aliyesema ni wa nyumbani.

Simu zenye intaneti zilipofika Umatengo, ukoo uliotawanyika kati ya Maguu, Songea na Dar es Salaam ulipata tena mahali pa kukutania. Kundi la WhatsApp la ukoo hupanga misiba na michango ya ada za shule, na hupitisha habari za bei ya kahawa. Lina sura ya sengu, lakini limekosa mambo mawili. Kwanza, habari nyingi zinazotumwa humo hazina mwenyewe. Ujumbe umepita mikono mingi hadi aliyeuandika hajulikani. Pili, hakuna mzee mwenye wajibu wa kusema, "Hili tuliache." Ujumbe wa sauti umeongeza ugumu, kwa kuwa sauti ya mtu asiyejulikana, akizungumza Kiswahili cha nyumbani na kujiita daktari, huaminika kuliko maandishi.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, huko Arusha. Kwa wiki sita mbiu ililia kila mara. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuonya tangu Februari kuhusu mafuriko ya habari, na Aprili mwaka huo WhatsApp ilipunguza uwezo wa kupeleka mbele ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Lakini tarehe 29 Aprili 2020 takwimu za taifa zilitolewa kwa mara ya mwisho. Mwanzoni mwa Mei Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara, akieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilikuwa zimetoa majibu ya kuwa na ugonjwa. Juni nchi ilitangazwa kuwa imeushinda. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila kibali cha mamlaka.

Historia ya lugha ya miezi iliyofuata bado inahitaji kuandikwa kwa ukamilifu. Neno korona liliendelea kutumika katika minong'ono, ilhali katika matangazo ya vifo lilisikika sana jina la mzunguko, "changamoto ya upumuaji". Neno la zamani barakoa, lililotaja kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, lilipata maana mpya na likafika hadi vijiji vya bara ambavyo havikuwahi kuijua barakoa ya kwanza. Nyungu, chungu cha kawaida cha jikoni, kikawa jina la tiba: kupiga nyungu. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waamini kuhusu wimbi jipya. Katika nchi ya maparokia kama Mbinga waraka wa maaskofu ni chombo cha habari chenye mjumbe anayejulikana na siku maalumu ya kusomwa. Hivyo kanisa lilipiga mbiu wakati pembe ya dola ilikuwa kimya, na Februari hiyo hiyo wizara ilieleza kwamba haikuwa na mpango wa kupokea chanjo.

Mwelekeo ulibadilika chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kamati ya wataalamu ilitoa taarifa yake Mei 2021, na tarehe 28 Julai rais alichanjwa hadharani, siku chache baada ya dozi 1,058,400 kupokewa. Lakini watu hawakujitokeza kwa wingi. Zaidi ya mwaka mmoja wa ukimya ulikuwa umejazwa na ujumbe kuhusu utasa, kuganda kwa damu na alama ya mnyama. Wengi wa waliousambaza hawakuwa wazushi. Walikuwa watu waliokuwa wameambiwa na mamlaka ile ile kutilia shaka chanjo, na sasa waliombwa kuiamini. Idadi iliongezeka pale wahudumu walipoacha kungoja hospitalini wakaenda vijijini, sokoni na kwenye nyumba za ibada, wakakubali kuulizwa. BAKITA ilisanifu jina UVIKO-19, Ugonjwa wa Virusi vya Korona, jina zuri lililochelewa: lilipofika, korona ilikuwa imekwisha kujaa maana zake zote, za kitabibu na za kisiasa.

7.0 Jina Linalotolewa kwa Wakati

Matukio matatu ya baadaye yanaonyesha kwamba funzo lilianza kueleweka, ingawa si moja kwa moja. Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipatwa na homa na kutokwa damu puani. Serikali ilikiri hadharani kwamba ugonjwa ulikuwa haujajulikana, ikapeleka wataalamu, na katika siku chache ikautaja kuwa homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na waliofariki 3. Jina hilo linastahili sifa. Mgunda ni shamba katika Kiswahili cha zamani, kama linavyoshuhudia jina la Mgunda Mkali katika njia ya misafara ya kati. Ni shamba katika Kiyao, na ndugu yake munda ni shamba katika Kinyanja kinachosikika ziwani. Mkulima wa kusini akiambiwa homa ya mgunda anajua pa kuchukua tahadhari, hata kabla ya kusikia kuhusu panya na maji machafu. Jina lenyewe ni nusu ya elimu.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Bukoba. Tarehe 16 ulitangazwa kuwa haujulikani, na tarehe 21 ukatajwa kwa jina. Mlipuko uliisha tarehe 2 Juni ukiwa na wagonjwa 9 na vifo 6. Januari 2025 ulitokea tena Kagera, katika Wilaya ya Biharamulo. Safari hii Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa tarehe 14, wizara ikasema sampuli hazikuonyesha virusi, na tarehe 20 rais akathibitisha kuwapo kwa mgonjwa. Siku sita hizo si nyingi kwa kipimo cha maabara. Kwa kipimo cha simu ya mkononi ni muda wa kutosha kwa kila nyumba kuwa na maelezo yake. Ndani ya siku sita watu hujifunza pia kama mbiu ijayo itastahili kusikilizwa.

8.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa haiungi mkono dhana kwamba mitandao ya kijamii ndiyo iliyoleta uvumi wa maradhi. Uvumi ulisafiri kwa misafara ya Kilwa, kwa mnong'ono wa Umatumbi na kwa mzaha wa miaka ya 1980. Mitandao imeondoa muda uliokuwa kati ya kusikia na kusambaza, na katika muda huo ndimo sengu, kikundi cha redio na mazungumzo ya mume na mke yalimofanyia kazi yake. Kuurudisha muda huo kwa sheria za adhabu hakuwezekani, kwa sababu adhabu humnyamazisha muulizaji na kumwacha mwenye hila akitafuta njia nyingine.

Wataalamu wa Kiswahili wana kazi mahususi katika jambo hili. Kusanifu istilahi ni sehemu ya kinga ya umma, na istilahi inayokuja baada ya mtaa kukwisha kuchagua jina lake hupata shida ya kushika. Aidha, kazi hiyo haiwezi kukamilika Dar es Salaam na Dodoma peke yake. Majina kama homa ya mgunda yanaonyesha faida ya kusikiliza lugha za mikoani, Kimatengo, Kingoni na Kinyasa zikiwamo. Methali isemayo "Mficha maradhi kifo humwumbua" kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa. Inaihusu pia jamii nzima, na wanaoisemea.

Mwaka 1914 Nahodha Berndt alipanda mtumbwi kwenda kuuliza, na swali lake lilikuwa limechelewa siku tisa. Mkazi wa Maguu leo anapokea habari kabla ya jambo lenyewe kufika. Akiuliza katika kundi la ukoo, "Jamani, hili ni kweli?", swali lake limekuja mapema, wakati ambapo jibu bado linaweza kuokoa. Anachohitaji ni kuwapo kwa mtu wa kumjibu, kwa lugha anayoijua, kabla usiku haujaisha.